Uzi wa gundi: kutengeneza uzi wa pamba fupi bila kuusokota

Chukua pamba ambayo nyuzinyuzi zake hazizidi milimita 12, uivute huku unaisokota. Itakatika. Ukiongeza msokoto itakaza na kujikunja vifundo, na pale palipo pembamba patakatika vilevile. Mkono hauna kosa. Kwenye uzi wa kawaida kinachoshika nyuzinyuzi ni msuguano tu: msokoto unazibana ubavu kwa ubavu, na kila unyuzi lazima uwe mrefu wa kutosha ubanwe na majirani wengi. Ulio mfupi unachomoka.

Gundi inaubadilisha mchezo huo. Nyuzinyuzi mbili zilizolaliana zikagandishwa zinashikana kwa milimita chache tu za mpishano, kwa sababu unyuzi wenyewe ni mwembamba mno na eneo dogo la gundi linatosha kuuzidi nguvu. Kwa hiyo pamba ya milimita 10 hadi 20 inayobaki kwenye brashi, inayotoka kwenye matambara yaliyochambuliwa, au sufi inayoteleza kwenye kijiti cha kusokotea, inaweza kuwa uzi. Chini ya milimita 8 acha. Hiyo ni mali ya mtengeneza karatasi.

Viwanda vilishaijaribu njia hii. Taasisi ya utafiti ya TNO huko Uholanzi ilitengeneza uzi wa pamba usio na msokoto kwa kuvuta utambi (mkanda laini wa nyuzinyuzi ambao bado haujawa uzi) ukiwa umelowa, kuutia gundi, kuuviringisha na kuukausha kwa joto. Mfumo huo ulijulikana kwa jina la Twilo. Gundi ikioshwa baada ya kufuma, nguo haisambaratiki, kwa kuwa nyuzi zinazopishana kwenye kitambaa zinabana nyuzinyuzi zilizo ndani, kazi ile ile ambayo msokoto ungeifanya. Gundi ni kama mirunda ya fundi ujenzi: inasimamisha kazi, kisha inaondolewa. Ukilishika hilo utaelewa kwa nini hapa chini tunatumia wanga, na kwa nini uzi huu unafaa kuwa mshindio, yaani uzi unaopita kwa upana, wa kitambaa kilichobanana na haufai kabisa kwa sweta iliyofumwa kwa matundu.

Vitu vinavyohitajika

Kwa mita 10 za uzi wenye unene wa milimita 1 hivi unahitaji gramu 4 za pamba. Andaa gramu 20 kwa mara moja, maana kuandaa gramu 4 peke yake ni kupoteza kuni. Tafuta brashi mbili za waya mwembamba, zile za kuchania manyoya ya mbwa. Kipande cha kifuu cha nazi chenye tundu la milimita 6 lililolainishwa kwa msasa. Bomba la plastiki la mita 1.2 lililopasuliwa katikati liwe mfereji, sifongo, vipande viwili vya mpira wa ndani wa tairi, kila kimoja cha sentimita 10 kwa 10, makopo makubwa ya maziwa ya unga yenye mzingo wa sentimita 40, karatasi ya kuokea, na mizani inayosoma hadi gramu 0.1. Kwenye gundi ni wanga wa muhogo na glisirini ya duka la dawa. Wanga hapa ni ule mweupe unaokwaruza vidoleni. Unga wa muhogo haufai, una makapi.

Mzingo wa kopo uupime kwa uzi, usiamini macho. Ukiwa sentimita 40 kamili, mizunguko 25 ni mita 10, na hapo kopo lenyewe ndilo rula yako.

Kuondoa nta

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi na ndiyo inayoharibu zaidi. Pamba mbichi ina nta. Ukiiweka juu ya maji inaelea kama bata, na gundi ya maji itapaka nje tu na kuacha kiini kikavu.

Kwa gramu 100 za pamba tumia lita 3 za maji, gramu 30 za magadi ya kufulia na kijiko kimoja cha sabuni ya maji. Funga pamba kwenye mfuko wa kitambaa chepesi, uichemshe taratibu kwa saa moja, na usikoroge: pamba fupi ikikorogwa inagandamana kuwa donge ambalo hakuna brashi italifungua bila kuikata. Vaa glavu, maana maji hayo yanachubua ngozi. Suuza mpaka maji yasiteleze tena vidoleni, kamua kwa kubonyeza bila kusokota mfuko, kisha anika.

Jaribio lake ni rahisi. Dondosha kifungu kidogo kikavu juu ya maji masafi: kikizama ndani ya sekunde 5 hivi, pamba iko tayari. Kikielea, rudisha jikoni. Sufi haipimwi hivi, kwa sababu kila unyuzi wake ni bomba lenye hewa na utaelea hata ukiwa safi. Kwake dondosha tone la maji juu uone kama linasambaa au linabaki duara. Sufi ni nyororo na inavunjika upesi, hivyo iweke isizidi theluthi moja, nyingine iwe pamba. Pamba ya matambara ya zamani yaliyokwisha kufuliwa mara nyingi haihitaji magadi, inatosha kuijaribu kwenye maji.

Kuchana na kutoa utambi

Vaa barakoa. Vumbi la pamba si la kuchezea, hasa chumbani.

Weka gramu 1 tu juu ya brashi, na uchane kuelekea upande mmoja mpaka uone mwanga ukipita sawasawa. Mafundi wengi wanaamini gundi itafunika uvivu wa hapa. Haifuniki: unyuzi uliojikunja hauchukui mzigo wowote, upo tu kuongeza uzito, na uzi wenye gundi nzuri na nyuzinyuzi zilizopinda ni dhaifu kuliko wenye gundi kidogo na nyuzinyuzi zilizonyooka. Chana mara tatu. Kisha pitisha ncha kwenye tundu la kifuu na uvute kidogo kidogo, sentimita 2 kila mvuto, upate utambi wenye uzito wa gramu 2 kwa mita. Ukiwa mwembamba kuliko huo hautajibeba ukiwa mkavu.

Ulaze utambi kwenye trei. Usiuning'inize wala kuukunja kwenye kijiti.

Kuandaa gundi

Wanga ukipikwa wote unakuwa mzito na hauingii kati ya nyuzinyuzi. Ukiachwa mbichi wote unazama chini ya beseni kila unapogeuka. Dawa ni kuchanganya.

Koroga gramu 15 za wanga kwenye mililita 300 za maji baridi, pasha huku ukikoroga mpaka uwe uji mwepesi unaong'aa, na uache uchemke dakika 2. Mimina mililita 700 za maji baridi. Mchanganyiko ukiwa vuguvugu, kiasi kwamba kidole kinakaa ndani bila kusumbuka, ongeza gramu 100 za wanga mbichi uliokwisha kulainishwa kwa maji kidogo, na gramu 3 za glisirini. Usiharakishe hapo: wanga wa muhogo huanza kuvimba kwenye nyuzi joto 60 hivi, na ukiuingiza kwenye uji wa moto unapata mabonge. Uji mwepesi unaibeba ile chembe mbichi isizame haraka, na pia unaipa mkono mnato kidogo wakati wa kuviringisha. Glisirini inauzuia wanga kukauka kama kioo.

Gundi hii itaonekana nzito kidogo kwa kazi yake. Ni makusudi, kwa kuwa utambi unaingia tayari umelowa na maji yake yataipunguza karibu nusu. Itumie siku hiyo hiyo. Ya kesho itanuka uchachu na haitashika.

Kuvuta ukiwa umelowa

Tazama brashi ya mchoraji ndani ya glasi ya maji: nywele zimetawanyika. Itoe nje, zinajikusanya kuwa ncha moja. Maji ndiyo yanayozivuta pamoja, na nguvu hiyo ndogo ndiyo itakayoshika pamba yako kabla gundi haijafanya kazi. Ndiyo maana hapa hatuvuti pamba kavu.

Laza utambi kwenye mfereji na umimine maji ya vuguvugu taratibu kutoka upande mmoja, yaupitie bila kuusukuma. Mwaga yaliyozidi. Sasa uvute. Vidole vya mkono wa kushoto vishike, vya kulia vivute, na nafasi kati yao izidi kidogo tu urefu wa nyuzinyuzi: kwa pamba ya milimita 15, acha milimita 25. Hapa ndipo vifundo huzaliwa. Nafasi ikiwa pana, nyuzinyuzi za katikati hazishikwi na mkono wowote, zinaelea na kuondoka kwa makundi, na uzi unatoka na matumbo na viuno. Ikiwa finyu mno, mikono yote miwili inashika nyuzinyuzi zile zile na hakuna kinachosogea. Mita 1 ya utambi iwe kwanza mita 2, kisha mita 5. Usiruke moja kwa moja hadi 5. Fanya kwa vipande vinavyotosha mfereji, na sehemu iliyovutwa iendelee kulala. Usiinyanyue hata kwa kuiangalia.

Bonyeza sifongo juu ya sehemu iliyovutwa kuondoa maji yanayotiririka. Koroga gundi mpaka chini, mimina kijiko kimoja juu kwa urefu wote, kisha gandamiza kwa ncha za vidole kila sentimita 2 ili chembe za wanga ziingie ndani. Ukipaka kwa brashi tu zinabaki juu, kama unga kwenye andazi.

Kuviringisha

Weka uzi mbichi kati ya vipande viwili vya mpira, sugua mbele mara 6 na nyuma mara 6, sogeza sentimita 8, rudia. Idadi ya mbele na nyuma lazima ilingane, la sivyo unasokota bila kujua, na uzi ukikauka utajikunja kwenye kopo. Lengo la kuviringisha ni kuupa uduara, kukamua gundi iliyozidi na kulaza zile ncha zinazochomoza. Msukumo uwe mwepesi, kama wa kuviringisha tambi za biskuti.

Kipande kinachofuata kiunge kikiwa bado kibichi: pishanisha ncha mbili kwa sentimita 3, zikiwa zimechongoka, na uviringishe pamoja. Kiungo cha uzi mkavu na mbichi huachia kila mara.

Kopo na maji ya moto

Funga karatasi ya kuokea kwenye kopo, uishikize kwa mkanda juu na chini. Zungushia uzi ukiwa umenyooka lakini haujavutwa, ukiacha milimita 5 kati ya mzunguko na mzunguko. Mizunguko ikigusana itagandana, na kuitenganisha ni kuichana. Mizunguko 25 inachukua sentimita 12 na nusu za kimo, kwa hiyo kopo la maziwa la kawaida linatosha.

Sasa jaza kopo maji yanayochemka, ukisimama kando, na lifunike mara moja kwa ndoo iliyopinduliwa. Dakika 5. Ndoo inabakiza mvuke, na wanga unaiva kabla maji hayajatoroka kwenye uzi. Hiyo ndiyo siri ya hatua nzima: wanga ukikauka kabla ya kuiva unabaki unga, na unga haushiki kitu. Baada ya dakika 5 ondoa ndoo, acha upepo upite, badilisha maji ya moto mara moja. Kwa dakika 20 hivi uzi unakauka. Ukiugusa na bado una ubaridi, una maji ndani.

Ukiangalia kwa karibu, uzi ulioiva unang'aa kidogo na una rangi moja. Usioiva ni mweupe pee, kama umepakwa chaki.

Kupima

Acha makopo yapoe na uzi ukae saa 2 kabla ya kuupima uzito, kwa sababu pamba hufyonza unyevu wa hewa kufikia karibu 8% ya uzito wake na inaweza kukudanganya. Pamba kavu na uzi uliokamilika vipimwe chumba kimoja, siku moja. Gramu 20 za pamba zilizojaza makopo 5 zikirudi gramu 21 hadi 22, gundi ni sawa. Zikifika 23 umejenga fimbo.

Kisha funga kipande cha sentimita 50 juu ya msumari na ukining'inizie chupa ya maji ya nusu lita. Kikihimili dakika moja, jaribu lita moja. Uzi wa unene huu ulionyooka vizuri unapaswa kubeba lita hiyo.

Ukikatika, angalia ncha. Ncha iliyochongoka mrefu kama mkia wa panya inasema nyuzinyuzi ziliteleza: gundi ni kidogo, haikuiva, au nta haikutoka. Ncha iliyokatika wima kama kijiti cha kiberiti inasema gundi imezidi au glisirini haikutiwa. Ukipasua uzi kwa wembe na ukakuta ganda gumu nje na pamba laini ndani, gundi haikuingia. Rudi kwenye magadi na vidole. Na kama unga mweupe unadondoka unapoukunja, tatizo liko kwenye zile dakika 5 za ndoo. Uzi huo haujaharibika: unyunyizie maji, urudishe kwenye kopo, ufunike tena.

Kufuma, kisha kuosha

Mtande, yaani nyuzi za urefu wa kitambaa, uwe wa uzi wa dukani uliosokotwa, mwembamba. Uzi wa gundi uwe mshindio, ufumaji wa moja juu moja chini, na upigwe mpaka kila sentimita ibebe mishindio 7 au zaidi. Kitambaa kikiwa wazi kuliko hapo usikioshe gundi, maana hakuna kitakachobana nyuzinyuzi.

Wanga ulioiva na kukauka hautoki wote kwa maji na sabuni. Unahitaji kimea. Anayetengeneza togwa anajua uji mzito unavyolegea ukitiwa kimea: vimeng'enya vya nafaka iliyochipua vinaukata wanga kuwa sukari inayoyeyuka. Kazi ni ile ile kwenye nguo. Loweka gramu 50 za unga wa kimea cha ulezi au mtama kwenye vikombe viwili na nusu vya maji baridi kwa nusu saa, uache utuame, chuja maji ya juu kwa kitambaa, upate vikombe 2. Mwambaoni na Dar es Salaam, changanya vikombe 4 vya maji yanayochemka na 3 vya maji ya bomba kwenye beseni, kisha ongeza vile 2 vya kimea. Unapata karibu nyuzi joto 60. Kwenye miinuko, ambako maji yanachemka chini ya nyuzi 100 na ya bomba ni baridi, punguza ya bomba yawe vikombe 2. Usimimine kimea kwenye maji yanayochemka, utaviua vimeng'enya. Zamisha kitambaa, funga beseni kwa blanketi, saa moja. Suuza kwa maji ya moto mara mbili, bila kusugua wala kukamua kwa kusokota.

Tone la iodini ya duka la dawa, lililozimuliwa, kwenye pembe ya kitambaa linatoa jibu: likigeuka buluu nzito, wanga bado umo, rudia kimea, likibaki kahawia hafifu, umemaliza. Kitambaa kitakuwa laini na kinene, na kitanywa maji haraka, kwa vile nyuzinyuzi zimelala wazi bila msokoto wa kuzifunga. Kwa taulo ya mkono, kishikio cha sufuria au bitana hakuna kinachokishinda. Kwa kiti kinachosuguliwa kila siku kitatoa manyoya.

Kama hutaosha kamwe

Kwa vikapu, mapambo na vifuniko vya taa, wanga unaweza kuachwa na badala yake ukatumia gundi nyeupe ya mbao: mililita 100 kwa mililita 500 za maji, ambayo nayo utambi uliolowa utaipunguza. Haihitaji maji ya moto. Lakini hapa jua kali ni adui, kwa sababu maji yanayokimbilia nje yanaibeba gundi hadi usoni na kuacha kiini kitupu, tabia ambayo chembe za wanga mbichi hazina. Kausha kivulini, ukigeuza kopo kila dakika 10. Usidhani gundi hii ndiyo polivinili alkoholi ya viwandani: zote mbili huitwa PVA, ila ile ya pili huyeyuka kwenye maji ya moto na hii ikishakauka huvimba tu na kukwama.

Uzi wa wanga unaosubiri kufumwa uweke kwenye ndoo yenye mfuniko. Mende na panya wanauona ni chakula, na pwani msimu wa masika utashika ukungu ndani ya siku chache ukiachwa wazi.